Kazi Isiyoandikwa Daftarini

(Hotuba ya katibu wa kamati ya wanawake katika maadhimisho ya Siku ya Wanawake Duniani, tarehe 8 Machi)



Nimepewa dakika chache nijibu swali ambalo vijana wameniuliza mara nyingi: hii elimu ya masuala ya wanawake ni nini, na sisi wakimbizi inatuhusu nini? Wengine wanasema ni mambo ya wazungu, yamekuja kuvunja ndoa. Mimi nitajibu kwa mambo tunayoyajua sote.

Hapa Uganda elimu hiyo ilipata idara yake katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1991. Maswali yake ni mepesi: nani anafanya kazi gani, nani anapata nini, na nani anaamua? Wanaoisoma hutenganisha maneno mawili. Jinsi ni ile tuliyozaliwa nayo, kuwa mwanamke au mwanaume. Jinsia ni majukumu ambayo jamii imetugawia. Kuzaa na kunyonyesha ni mambo ya jinsi. Kuchota maji, kutafuta kuni na kuosha vyombo ni mambo ya jinsia, kwa maana mikono ya mwanaume inayaweza vilevile.

Tukumbuke kwetu Kivu. Pale Bukavu mama anabeba mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Pale Goma mwanaume anasukuma mzigo wake juu ya chukudu. Wote wawili ni wachukuzi. Chukudu imejengewa sanamu mjini Goma, inang'aa kama dhahabu. Yule mama wa kamba, watu wanasema tu "anasaidia nyumbani". Tena mwanaume akipika hotelini anaitwa mpishi na analipwa mshahara. Akipika kwake, majirani wanasema amelishwa dawa. Kazi ni ile ile. Ikishaitwa ya mwanamke, inapoteza bei na heshima. Mzizi wa kutokuwa sawa uko hapo.

Kisha mila inaingia katika sheria. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilisema mume ni mkuu wa nyumba na mke anapaswa kumtii. Mke hakuweza kufanya jambo la kisheria linalomfunga, kama kusaini mkataba, bila ruhusa ya mumewe. Ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 2016, ingawa maneno kwamba mume ni mkuu wa nyumba yalibaki. Jirani zetu wa Burundi nao wanajua jinsi mila inavyompa mtoto wa kiume shamba la baba, na binti anaambiwa atakula kwa mumewe. Akiachwa au akifiwa, anakuwa mgeni pande zote mbili.

Naomba niseme langu, bila kumtaja mtu. Tulipofika ukimbizini, kadi ya familia iliandikwa kwa jina la baba watoto. Baada ya mwaka mmoja aliondoka kutafuta kazi, akaenda na kadi. Siku ya mgao nilisimama kwenye mstari na watoto wanne tangu alfajiri. Nilipofika mbele nikaambiwa, "Mlete mwenye familia." Mwenye familia! Mimi niliyewabeba watoto wale kutoka kwetu, mmoja mgongoni na mmoja mkononi, sikuwa mwenye familia. Majuma sita nililima mashamba ya watu ili tupate unga. Binti yangu mkubwa aliacha darasa la 5 apate kulea wadogo zake, na hakurudi tena. Yule karani hakuwa mtu mbaya. Alifuata karatasi, na karatasi ilikuwa imeuliza swali moja tu: baba ni nani?

Ndugu wa mashirika, mnajua kwamba jambo hilo si langu peke yangu. Mwezi wa Juni 2001 wanawake wakimbizi waliitwa Geneva wakasema matatizo yao. Desemba mwaka ule ule Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi likatoa ahadi tano. Mbili kati yake ni hizi: kila mwanamke aandikishwe kwa jina lake mwenyewe, na wanawake washiriki moja kwa moja katika kugawa chakula. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 nayo inakubali kumpokea mtu anayeteswa kwa sababu amekataa kufuata desturi zinazobagua kwa jinsia. Basi haya si maneno ya kuvunja ndoa. Ni sheria ya nchi iliyotupokea.

Sasa nawageukia baba zangu. Jinsia inawafunga ninyi pia. Mmefundishwa kwamba mwanaume ni yule anayeleta chakula. Hapa tulikuta chakula kinagawiwa na mashirika, na shamba ni dogo. Aliyekuwa mwalimu au mchuuzi wa ng'ombe anakaa chini ya mti kutwa nzima, anaona aibu. Wengine wamezamisha aibu hiyo katika pombe, na jioni inatoka kwa ngumi. Hatuwacheki. Tunasema tu kwamba mtu aliyefundishwa kuwa heshima yake ni fedha peke yake amefundishwa vibaya. Tumewaona vijana wanaochota maji kwa baiskeli bila kujali kuchekwa. Uanaume wao haukupungua hata kidogo.

Kwa hiyo kamati ya wanawake inaomba mambo matatu.

Kwanza, mikutano ya kamati isiitishwe saa 10 jioni. Saa hiyo mama yuko bombani au jikoni. Mnatuita, hatuji, halafu mnaandika kwamba wanawake hawapendi uongozi. Tujaribu Jumamosi saa 3 asubuhi, na baba wabaki na watoto.

Pili, ndoa ikivunjika au mume akiondoka, mke atenganishiwe kadi upesi, kabla ya mgao unaofuata. Kamati ya kijiji impe barua siku ile ile, na ofisi iipokee bila kumtaka amlete mume.

Tatu, binti asitolewe shuleni kwa sababu ya maji na ulezi. Kama kazi ni nyingi, igawiwe watoto wote, wa kiume na wa kike. Kaka akijua kuosha sufuria leo, mkewe kesho atapumua.

Vita ilituvunjia nyumba, ikatuachia mila mabegani. Mila nyingi ni njema: kumzika jirani, kumlea yatima, kumheshimu mzee. Hizo tuzibebe. Ile inayomwamsha mmoja saa 11 alfajiri na kumlaza saa 4 usiku, kisha ikasema hana kazi, tuitue hapa hapa. Tukirudi nyumbani siku moja, tusiende nayo.