IBM isiyokuwa ya IBM

Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2001, nikiwa mwanafunzi wa stashahada ya uandishi wa habari, nilisimama mbele ya duka moja pale Kariakoo nikamwita mwenye duka mwizi, kwa sauti, watu wakisikia. Wakazi wa Dar es Salaam wanafahamu kwamba neno hilo mtaani si la mchezo. Nashukuru kwamba ilikuwa saa saba mchana, jua kali, kila mtu ana shughuli zake, na wachache waliogeuka walicheka tu.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa kompyuta. Mjomba wangu alikuwa ameuza korosho zake, akanichangia nusu ya bei, na nusu nyingine niliikusanya mwenyewe kwa shida. Nilitaka IBM. Mwalimu aliyetufundisha kutumia kompyuta alikuwa ametuambia kwamba IBM ndiyo kompyuta yenyewe na nyingine ni za kubahatisha. Mwenye duka akanionyesha kasha moja la rangi ya maziwa, halina nembo yoyote, akasema, "IBM hiyo hapo." Nikalipa, nikapewa risiti, nikapanda teksi nimeipakata monita mapajani kama mtoto mchanga.

Mwezi wa pili ikagoma kuwaka. Nikaipeleka kwa fundi wa Ilala, mzee aliyeanzia kwenye redio kabla kompyuta hazijamfikia. Alifungua kasha akanionyesha kipande kimoja kimoja: mazabodi imetoka Taiwan, diski imetoka Singapore, chipu za kumbukumbu zimetoka Korea. "Mwanangu," akaniambia, "humu ndani IBM hayumo."

Ndipo nikarudi Kariakoo na maneno yangu. Mwenye duka hakukasirika. Aliniomba risiti, akaifungua mbele yangu. "Soma, mdogo wangu. Nimeandika nini?" Ilikuwa imeandikwa "IBM comp." Mimi siku zote nilikuwa nimeisoma kuwa kompyuta ya IBM. Kumbe yeye alikuwa amefupisha neno kompatibo, yaani mashine inayooana na IBM, inayokubali programu zile zile na vipuri vile vile. Nikaondoka ninanung'unika, nikiamini kwamba nimeibiwa kwa kalamu.

Baadaye sana, nikiwa tayari mtangazaji, niliisoma historia ya mashine hizo, na hasira yote ikaniishia. Maana hata ile IBM ya kwanza kabisa, mtu angeifungua siku ilipotoka kiwandani, angekutana na mambo yale yale niliyoonyeshwa Ilala.

Turudi mwaka 1980. IBM wakati huo ilikuwa jitu. Kompyuta zake zilijaza vyumba vizima katika mabenki na maofisi ya serikali, na mara nyingi hazikuuzwa bali zilikodishwa. Lakini tangu mwaka 1977 vilikuwa vimetokea vikampuni kama Apple vikiuza kompyuta ndogo za kuweka mezani, na watu wanazinunua kwa fedha zao. Jitu likaona aibu. Tatizo ni kwamba ndani ya IBM kila kitu kilipita kwenye kamati, na kila kamati ilizaa kamati nyingine; kutoa mashine mpya kulichukua miaka. Mkuu wa maabara yao ya Boca Raton, huko Florida, Bill Lowe, akawaambia wakubwa wake kwamba kwa utaratibu huo kazi hiyo haiwezekani. Akaomba kikosi kidogo na ruhusa ya kuvunja mila ya nyumba. Alipewa wahandisi 12. Baada yake kazi ikaongozwa na Don Estridge, na muda waliopewa ulikuwa mwaka mmoja.

Sasa, mtu mwenye mwaka mmoja hachongi kila kitu mwenyewe. Prosesa waliinunua kwa Intel, ile inayoitwa 8088. Viendesha disketi walivinunua kwa kampuni ya Tandon. Printa ilitoka Epson ya Japani, ikabandikwa jina la IBM. Na programu mama, ile inayoiendesha mashine nzima, wakaiagiza kwa kampuni changa ya Microsoft ya kijana Bill Gates. Naye Gates hakuwa nayo. Aliinunua kutoka kampuni nyingine ya Seattle, kazi ya mtu mmoja aitwaye Tim Paterson, kwa fedha ambazo zote pamoja hazikufika dola 100,000. Akairekebisha, akawapa IBM waitumie. Lakini katika mkataba akabakiza haki ya kumwuzia mtu mwingine yeyote. Kifungu hicho ndicho kilichomtajirisha Bill Gates.

Tarehe 12 Agosti, 1981, mashine ikazinduliwa mjini New York. Bei ilianzia dola 1,565, na kwa bei hiyo mnunuzi hakupata monita wala kiendesha disketi, na kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 16. Msikilizaji, picha moja tu uliyotumiwa leo asubuhi kwenye simu yako isingeenea humo. Ilitangazwa na mwigizaji aliyevaa kama Charlie Chaplin, kofia na fimbo, ili watu wasiogope. Nao hawakuogopa. Makampuni ambayo yalikuwa hayataki hata kusikia habari za kompyuta za mezani yaliona herufi tatu za IBM yakafungua pochi. Huku kwetu Tanzania wakati huo amri ya serikali ya mwaka 1974 ya kuzuia uingizaji wa kompyuta ilikuwa bado haijaondolewa, kwa hiyo sherehe hiyo tuliikosa.

Mwaka 1983 ikafuata XT, yenye diski ngumu ya megabaiti 10 ndani yake. Kama umewahi kujiuliza kwa nini diski ya kompyuta yako inaitwa C wakati hakuna A wala B, jibu liko hapa: A na B zilikuwa nafasi za disketi mbili za mashine ya mwaka 1981, na diski ngumu ilipofika ikachukua herufi iliyofuata. Disketi zimekwisha kufa, C imebaki. Hata ule mkato wa vitufe vitatu, Kontroli, Alti na Diliti, ambao sote tumewahi kuubonyeza kwa hasira, ni kazi ya David Bradley, mmoja wa wale wahandisi 12. Miaka mingi baadaye alitania kwamba yeye aliubuni, lakini aliyeufanya uwe maarufu ni Bill Gates. Mwaka 1984 ikatoka AT, yenye nguvu zaidi. Katikati hapo walijaribu pia mashine ya nyumbani, PCjr, yenye kibodi ya vitufe vidogo kama ubani wa kutafuna. Watu waliikataa, na mwaka 1985 ikazikwa.

Lakini kisa chenyewe hasa ni cha walioiga. Kila kipande cha IBM kilipatikana sokoni kwa yeyote mwenye fedha, isipokuwa kimoja: programu ndogo iliyochomwa ndani ya chipu, inayoiamsha mashine unapoiwasha. Inaitwa bayosi. Hiyo ilikuwa mali ya IBM, na IBM walikuwa wameichapisha yote katika kitabu cha mafundi, wakijua kwamba atakayeinakili watampeleka mahakamani. Mwaka 1982 mameneja watatu waliotoka Texas Instruments walianzisha kampuni ya Compaq mjini Houston, nao wakapata njia.

Nieleze kwa mfano wa jikoni. Jirani anapika pilau tamu na ameandika namna ya kulipika, lakini sheria inakukataza kunakili maandishi yake. Basi unamchukua mtu mmoja alisome andiko lile na kulionja pilau, kisha akuandikie tu jinsi pilau lenyewe linavyopaswa kuwa: rangi hii, harufu hii, chumvi kiasi hiki. Maelezo hayo unampa mpishi wa pili ambaye hajaliona andiko la jirani hata siku moja, naye anapika kwa akili yake mpaka ladha inafanana. Hujanakili chochote. Ndivyo walivyofanya Compaq: kundi moja la kusoma na kueleza, kundi jingine la kuandika, na katikati yao ukuta. Mashine yao ya kwanza ilikuwa ya kubeba, ingawa ilikuwa na uzito wa kilo kama 13, na mwaka wa kwanza waliuza 53,000. Kufikia mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ilikuwa inamwuzia bayosi ya namna hiyo kila aliyeihitaji. Hapo mlango ukawa wazi kabisa. Mtu wa Taiwan, mtu wa Texas, hata fundi wa uchochoroni, alinunua vipande, akaviunganisha, akampigia simu Gates amwuzie programu mama. Lile kasha langu la rangi ya maziwa ni mjukuu wa mlango huo.

Wapo wanaosema IBM walikuwa wapumbavu. Mimi sikubaliani nao. Bila haraka ile mashine yao ingetoka imechelewa, na huenda leo tusingeizungumzia. Tena zile za kuiga ndizo zilizoifanya kompyuta ishuke bei mpaka ikafika Kariakoo, mahali ambapo mjukuu wa mkulima wa korosho angeweza kuigusa. Kosa lao, kwa maoni yangu, lilikuja mwaka 1987, walipotaka kurudisha ndani kilichokwisha toka nje. Walitoa mashine mpya, PS/2, na ndani yake njia mpya ya kuunganisha kadi, iliyofungwa kwa hataza, kiasi kwamba aliyetaka kuiga sharti alipie ada. Kadi za zamani hazikuingia humo. Mwaka 1988 makampuni tisa, Compaq wakiwa mbele, yakakutana na kutangaza njia yao wenyewe, inayopokea kadi za zamani bila taabu. Wakati huo Compaq tayari walikuwa wamewatangulia IBM kutoa mashine yenye prosesa mpya ya Intel, 386, mwaka 1986. Mwanafunzi amekwisha kumpita mwalimu, na mwalimu anadai karo.

Kutoka PS/2 tulirithi vitu vidogo tu. Ile plagi ya VGA yenye pini 15, ambayo bado utaikuta nyuma ya projekta nyingi mashuleni na makanisani, ilianza nayo. Vilevile yale matundu ya mviringo ya kibodi na mausi.

Don Estridge hakuyaona hayo. Tarehe 2 Agosti, 1985, alikufa pamoja na mkewe katika ajali ya ndege ya Delta huko Dallas, akiwa na umri wa miaka 48. Mapema mwaka huo huo alikuwa amekwisha ondolewa katika uongozi wa kazi aliyoianzisha, maana ilikuwa imekuwa kubwa na kamati zilikuwa zimerudi. Katika kisa chote hiki, ni mtu huyu ninayemfikiria zaidi.

Mwaka 1993 peke yake IBM ilipata hasara ya dola bilioni 8. Wakati huo fedha za kompyuta ya mezani zilikuwa zinakwenda kwa wawili: Intel, mwenye prosesa, na Microsoft, mwenye programu mama. Wengine wote, pamoja na IBM mwenyewe, walibaki wakigombea makombo ya kuunganisha vyuma. IBM bado walitoa kitu kizuri, ThinkPad ya mwaka 1992, kompyuta ya mapajani nyeusi yenye kidude chekundu katikati ya kibodi. Lakini Desemba 2004 walitangaza kuwauzia Lenovo wa China biashara nzima ya kompyuta za binafsi, na Mei 2005 mauzo yakakamilika, kwa dola bilioni 1.25, mbali na madeni ambayo mnunuzi aliyabeba. Lenovo ilianzishwa mjini Beijing mwaka 1984, mwaka ule ule AT ilipotoka. Ilikubaliwa pia itumie nembo ya IBM kwa muda usiozidi miaka mitano.

Nembo hiyo ndiyo iliyonirudisha Kariakoo. Mwaka 2009 nilikwenda kumtafuta yule mwenye duka, nimwombe radhi. Duka lilikuwa limehamia mtaa wa pili, naye alikuwa ameota mvi. Nilipomkumbusha alitikisa kichwa. Hakunikumbuka hata kidogo. Aliniambia kwamba miaka ile aliitwa mwizi karibu kila mwezi, na wote walikuja na risiti ile ile. Nikamwambia samahani, kaka. Akasema yamekwisha, kisha akavuta kabati akatoa ThinkPad iliyotumika, nyeusi, safi. "Basi leo chukua IBM yenyewe, halisi, usije ukanitukana tena."

Niliigeuza. Juu ya kifuniko kulikuwa na herufi tatu za IBM, zinang'aa. Chini, kwenye kibandiko kidogo, iliandikwa Lenovo. Nilimwonyesha. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, tukacheka mpaka vijana wa duka la jirani wakaja kuuliza kuna nini.

Niliinunua. Safari hii niliisoma risiti kabla ya kulipa. Alikuwa ameandika "Laptop 1", basi.