Mpagazi Naye Alikuwa Vitani



Habari za mapigano ya Tanga na ya Mahiwa, na za jemadari wa Wajerumani von Lettow-Vorbeck kusalimu amri Abercorn Novemba 25, 1918 mnazijua, sitazirudia. Nimekuja kujibu hoja moja inayosemwa kwenye makongamano yetu kana kwamba imeshakubalika: kwamba wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza hawamo katika historia ya kijeshi. Walikuwa vibarua, tunaambiwa, hawakushika bunduki. Basi wapelekwe kwenye historia ya kazi, na Siku ya Mashujaa, mkuki na ngao vinapowekwa mnarani, tuwakumbuke waliopigana.

Hoja hii haistahimili hesabu. Koloni la Wajerumani lilikuwa na reli mbili kubwa, ya Tanga hadi Moshi na ya Dar es Salaam hadi Kigoma. Kusini ya Rufiji, ambako vita vilisogea, hakukuwa na kitu, na mbung'o waliwamaliza farasi, nyumbu na maksai. Kikabaki kichwa cha mtu. Tuseme mzigo ni kilo 25, na mbebaji anakula kilo moja kwa siku. Safari ya siku kumi kwenda na kumi kurudi imekula kilo 20. Zinazomfikia askari ni tano. Ndiyo maana nyuma ya kila kombania kulikuwa na umati mkubwa kuliko kombania yenyewe, na umati huo ukianguka kwa kuhara, jemadari anasimama alipo hata kama adui amempa mgongo. Upande wa Waingereza peke yake walipita wapagazi wapatao milioni moja. Waliokufa hukadiriwa kuwa zaidi ya 95,000.

Halafu hilo neno vibarua. Kibarua akichoka hukunja jamvi akaenda zake. Katika Kenya ya leo sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu wachukuliwe kwa nguvu, na aliyetoroka aliadhibiwa. Mtu aliyeandikishwa kwa amri, akafuata jeshi, akafa njiani kwa kulilisha jeshi hilo, mnataka tumwite nani?

Nawasihi wanafunzi wasome kitabu cha Geoffrey Hodges kuhusu wapagazi, kilichotoka 1986, nao wakisome polepole. Hodges aliwatafuta wazee waliokuwa hai bado, akawasikiliza. Kurasa ninazozirudia kila mwaka ni za chakula. Unga wa mahindi ulitolewa kwa watu ambao wengine hawakuuzoea, kuni zilikuwa mbichi, muda wa kupika haukuwapo. Ugali ukaliwa ukiwa nusu mbichi, matumbo yakaharibika. Nimonia ikawakuta waliotoka nchi za joto wakilala bila blanketi la kutosha penye baridi. Hapo ndipo vita hivi vilipoua zaidi, kwenye sufuria na penye blanketi, na mwanahistoria anayehesabu risasi tu ameacha sehemu kubwa ya vifo nje ya daftari lake.

Bibi yangu alikulia karibu na Mtama. Akitwanga, alikuwa akitutajia wanaume waliochukuliwa kijijini kwao: jina la mtu, jina la baba yake, na kisima alichokamatiwa. Wengine walichukuliwa na Wajerumani, wengine na Waingereza. Hakuwahi kuwagawa kwa bendera, wala hakuuliza nani alipewa bunduki.

Wako wanaosema vita vile havikuwa vyetu. Ni kweli, vilikuwa vya wakoloni. Lakini havikuwa vya askari wa King's African Rifles (KAR) pia, na huyo amesimama kwa shaba katikati ya Dar es Salaam tangu 1927. Maandishi chini ya miguu yake, aliyoyatunga mshairi Kipling, yanawataja wapagazi na kuahidi kwamba watoto watayakumbuka majina ya waliokufa. Zungukeni mnara mzima: hakuna jina hata moja. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Najua pingamizi linalobaki, nalo ni zito: majina mengi hayatapatikana. Orodha zilikuwa pungufu, na aliyeandika jina la kigeni aliliandika alivyolisikia. Mnara wenye majina mia tatu utawadhulumu maelfu. Nimelipima, na bado nataka majina hayo mia tatu yachongwe, jina na la baba yake, na ubao uachwe na nafasi. Idara yetu ianze Lindi na Masasi likizo hii, kila mwanafunzi na kijiji chake, kabla wajukuu waliosimuliwa na wajane wa wapagazi hao hawajaisha. Wenye bunduki wanayo sanamu yao.