Kumtambua Nzi kwa Picha: Mazungumzo kwa Wakazi wa Timbwani

Haya ni maandishi ya mazungumzo kwa wakazi na wafugaji wa wadi ya Timbwani, Likoni, kuhusu nzi wanaoishi kwa kutegemea damu au mwili wa binadamu na mifugo. Yanachapishwa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Siku hizi mtu akiona mdudu asiyemjua, kitu cha kwanza kushika ni simu. Picha hupigwa, hutumwa kwenye kundi la mtaa, na majibu huanza kumiminika. Mmoja asema ni funza, mwingine asema ni mbung'o, wa tatu aagiza pajazwe mafuta taa. Hadi jioni picha imezunguka kutoka Timbwani hadi Mtongwe, na mtoto mwenye jipu bado analia, na mbuzi bado hali majani. Jina likikosewa, dawa nayo hukosewa. Ndiyo maana inafaa kujua picha ya nzi inaweza kusema nini, na wapi inanyamaza.

FUNZA: JINA MOJA, WADUDU WAWILI

Neno funza hutumiwa kwa wadudu wawili tofauti kabisa. Wa kwanza ni tekenya, anayeingia miguuni. Huyo si nzi hata kidogo. Ni aina ya kiroboto. Asili yake ni Amerika, na alifika Afrika kwa meli, pwani ya Angola, mwaka 1872. Kutoka huko alivuka bara hadi kwetu. Katika picha, tekenya huonekana kama duara jeupe lenye nukta nyeusi katikati, na mara nyingi huwa pembeni mwa kucha, kisiginoni au kwenye nyayo.

Funza wa pili ni buu, yaani mtoto wa nzi anayeitwa kitaalamu Cordylobia anthropophaga. Huyu hutokeza kama jipu mahali ambapo nguo hugusa ngozi: mgongoni, kiunoni, matakoni, kifuani. Jipu lake huwa na tundu dogo katikati, na ndani ya tundu hilo huonekana ncha inayosogea. Hiyo ni sehemu ya nyuma ya buu, kwa sababu buu hupumua kwa nyuma. Mgonjwa husema anahisi kitu kinachezacheza chini ya ngozi.

Picha ya jipu hilo husaidia ikiwa tundu linaonekana wazi. Picha iliyopigwa mbali, yenye wekundu tu wa ngozi, haiwezi kutofautisha buu na jipu la kawaida.

Nzi mwenyewe ni nadra kuonekana. Ni mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, rangi yake ni manjano ya kahawia, na ana michirizi miwili ya kijivu iliyokolea mgongoni. Hamuumi mtu, hana mdomo wa kutoboa. Jike hutaga mayai kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo au kinyesi, au kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Baada ya siku moja hadi tatu mayai huanguliwa. Vijibuu huweza kusubiri hadi wiki mbili hivi, mpaka vihisi joto la mwili, kisha huingia kwenye ngozi kimyakimya. Hukua humo kwa siku 8 hadi 12, halafu hutoka, huanguka chini na kujifukia mchangani.

Tuchukue mfano wa nyumba yoyote ya hapa wakati wa mvua za masika. Mama amefua nepi na leso, jua halionekani, kamba ya uani imelowa. Anazianika chini ya mwembe au barazani chini ya makuti. Zinakauka nusu, mtoto anavalishwa. Baada ya siku kadhaa vijipu vinatokea. Mama huyo hakukosea usafi. Nguo alizifua vizuri. Kilichokosekana ni jua au pasi. Nguo ikipigwa pasi ya moto pande zote mbili, pamoja na mishono na ukanda wa kiunoni, mayai hufa. Pasi ya makaa hufanya kazi hiyo sawasawa na ya umeme.

Kuminya jipu mapema ni hatari. Buu lina miiba midogo mwilini, na likipasuka ndani huleta uvimbe na usaha. Kwenye kituo cha afya, tundu hufunikwa kwa mafuta mazito ya kujipaka ili buu likose hewa lijitokeze, ndipo hutolewa taratibu. Mbwa na panya pia hubeba mabuu haya, kwa hiyo mbwa mwenye vijipu uani ni dalili kwamba watoto wako karibu na hatari hiyo hiyo.

TAHADHARI NA PICHA ZA MTANDAONI

Mtu akitafuta mtandaoni picha za buu chini ya ngozi, nyingi zinazokuja ni za nzi wa Amerika ya Kusini na ya Kati, Dermatobia hominis. Nzi huyo hukamata mbu, humbandika mayai, na mbu ndiye huyafikisha kwa mtu. Nzi huyo si wa Mombasa. Mzazi akiamini picha hizo ataanza kupambana na mbu, na nguo zitaendelea kuanikwa kivulini.

Programu za simu zinazotaja jina la mdudu papo hapo nazo zina kasoro hiyo. Zimefundishwa kwa picha zilizopo, na picha nyingi zilizopo zimetoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Jibu lake lichukuliwe kama dokezo tu.

MBUNG'O AU NZI WA ZIZINI?

Kwa mfugaji wa Timbwani anayenunua ng'ombe au mbuzi kutoka Kwale, swali kubwa ni mbung'o. Katika misitu ya Shimba Hills kuna aina tatu za mbung'o: Glossina pallidipes, Glossina brevipalpis na Glossina austeni. Hao hueneza ugonjwa wa nagana kwa mifugo.

Hapa picha nzuri ina nguvu kubwa, kwa sababu mbung'o ana alama zisizofichika. Ya kwanza ni mabawa. Akitua, huyalaza moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Nzi wa nyumbani na nzi wa zizini huyaacha yametanuka kidogo pembeni. Alama ya pili ni mdomo: mbung'o ana mdomo mrefu ulionyooka mbele ya kichwa. Nzi wa zizini, Stomoxys, naye ana mdomo wa mbele na huuma vikali, kwa hiyo mdomo pekee hautoshi. Alama ya tatu imo ndani ya bawa lenyewe: katikati ya mishipa kuna umbo la kishoka. Likionekana kwenye picha, shaka imekwisha. Huyo ni mbung'o.

Tofauti hii ina gharama yake. Mbung'o huzaa kwa namna ya pekee: jike hatagi mayai, bali hulea mtoto mmoja tumboni na kumzaa akiwa buu lililokomaa, kila baada ya siku 9 au 10 hivi. Kwa kuwa uzazi wake ni mdogo, mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi huweza kumpunguza sana. Nzi wa zizini huzaana kwa mamia ndani ya samadi na majani yaliyooza. Dawa yake ya kwanza ni koleo na toroli: samadi iondolewe, zizi likauke. Mfugaji anayenunua mitego ya mbung'o ilhali tatizo lake ni samadi amepoteza fedha, na ng'ombe wake wataendelea kuumwa.

Ndugu zetu wa Unguja wanatoa ushahidi wa thamani ya jina sahihi. Kisiwani humo mbung'o walikuwa wa aina moja tu, Glossina austeni. Kati ya mwaka 1994 na 1997 madume waliotasishwa kwa mionzi, waliofugwa Tanga, walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Majike yaliyopandwa na madume hao hayakuzaa, na mbung'o wakaisha Unguja. Lakini dume wa aina moja hawezi kufanya kazi hiyo kwa jike wa aina nyingine. Jina likikosewa, kazi yote ni bure.

Kwa upande wa binadamu, habari ni njema. Mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Kwa hiyo picha ya mbung'o isizue hofu mtaani. Inafaa kufikishwa kwa ofisi ya mifugo, kwa sababu nagana ya wanyama bado ipo.

MBUZI ANAYEPIGA CHAFYA

Yuko nzi mwingine ambaye kazi yake huonekana kabla yake mwenyewe. Oestrus ovis hatui juu ya mbuzi au kondoo. Hupita puani na kurusha vijibuu hai, ambavyo hupanda hadi mashimo ya kichwa na kukua humo. Mnyama hupiga chafya, hutoa kamasi, huinamisha pua mchangani. Mara chache nzi huyo hurusha vijibuu kwenye jicho la mchungaji. Macho huwasha ghafla kana kwamba yameingia mchanga. Mchungaji wa namna hiyo aende hospitali, asijisugue.

Hapa picha inashindwa. Kamasi za mabuu na kamasi za homa ya mapafu hufanana kwenye simu. Daktari wa mifugo sharti amuone mnyama. Vivyo hivyo mabuu ndani ya kidonda: wapo wanaokula nyama iliyokufa, na wapo wanaokula nyama hai, na rangi ya nzi aliyetua juu ya kidonda haiwezi kuwatofautisha.

NAMNA YA KUPIGA PICHA YENYE FAIDA

Nzi awekwe kwenye chupa safi, chupa ikae kwenye friji dakika chache ili atulie. Kisha alazwe juu ya karatasi nyeupe, mahali penye mwanga wa mchana. Picha ziwe tatu: kutoka juu ili mabawa yaonekane, kutoka ubavuni ili mdomo uonekane, na moja yenye sarafu ya shilingi kumi kando yake ili ukubwa ujulikane. Pamoja na picha yaandikwe mambo matatu: mahali, tarehe, na alikotolewa, iwe ng'ombe, mbuzi, mbwa au nguo.

Buu nalo lisitupwe. Litiwe kwenye maji yaliyokaribia kuchemka kwa nusu dakika, kisha lihifadhiwe kwenye kichupa chenye spiriti. Wataalamu hulitambua kwa matundu ya kupumulia yaliyo nyuma, ambayo huhitaji kioo cha kukuzia. Picha ya upande huo wa nyuma ina thamani kuliko picha kumi za kichwa.

Picha za ngozi ya mtoto zisionyeshe uso, na zisitumwe kwenye makundi ya mtaa. Zionyeshwe kwa mhamasishaji wa afya au mhudumu wa kituo cha afya peke yake.

Mwisho, picha humtambulisha nzi, haimpimi mnyama. Ng'ombe anaweza kuwa na nagana ambayo aliambukizwa Kwale wiki kadhaa zilizopita, na Timbwani kusionekane mbung'o hata mmoja. Hapo kipimo cha damu ndicho hakimu. Dawa ya nagana inayodungwa kwa kukisia hugharimu fedha, na ikitumiwa ovyo vimelea huizoea.

Mkazi mwenye picha na kichupa aende navyo ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo ikiwa ni mnyama, au kituo cha afya kilicho karibu ikiwa ni mtu. Na wakati wa kusubiri jibu, kamba ya nguo isogezwe juani, na pasi iwashwe.