JOTO HULEGEZA, BARIDI HUSHIKISHA: KUKUNJA RASTA BILA KUZIHARIBU WALA KUMUUNGUZA MTEJA

(Hotuba ya wakufunzi wa darasa la ususi mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili)



 Tunawashukuru ninyi nyote mliochangia viti, vioo na pasi za nywele. Tumeombwa tueleze kazi ya darasa letu, na pengine mlitegemea tusome orodha ya waliohitimu na vifaa vilivyonunuliwa. Tunaomba mtuvumilie, leo tuzungumzie jambo moja tu: namna ya kukunja ncha za rasta ili zipate mawimbi, bila kuziharibu na bila kumuunguza aliyezivaa. Linaonekana ni jambo dogo la urembo. Lakini ndilo lililotuonyesha kasoro ya mradi wetu sisi wenyewe.

Kilichotupata

Katika kundi letu la kwanza tulifundisha kusuka kwa makini sana. Tulipofika kwenye kukunja ncha, tulisema kwa kifupi: "Zungushieni rola, mwagieni maji ya moto, basi." Hatukusema moto kiasi gani, wala mteja akae vipi.

Siku moja kabla ya sikukuu alikuja mama mmoja kusuka. Binti aliyemhudumia alisuka vizuri, akafunga rola, akachukua birika lililotoka jikoni muda huohuo na kuanza kumwagia kwenye ncha. Maji yakafuata msuko mmoja hadi begani. Mama akapiga kelele. Mmoja wetu akakimbilia dawa ya meno, mwingine akatafuta mafuta. Aliyetuokoa ni mama mwenyewe, aliyesema, "Jamani, nimwagieni maji ya bomba tu." Kisha akamgeukia yule binti aliyekuwa akilia: "Nyamaza mwanangu, si makusudi."

Bega lilipona. Lakini yule binti hakushika tena birika kwa muda mrefu, na wiki mbili hakuja darasani kabisa. Tulipokwenda kwao kumwona, tulikiri kwamba kosa halikuwa lake. Sisi ndio tuliomtuma kufanya kazi ya joto bila kumfundisha joto.

Hivyo tulirudi nyuma tukajifunza upya. Haya tunayowaeleza ndiyo tunayofundisha sasa.

Rasta ni plastiki

Nywele tulizozaliwa nazo hukua, na ncha ikiungua hukatwa na nyingine zikaja. Rasta si hivyo. Rasta ni nyuzi za plastiki, na zikishaungua hakuna mafuta wala dawa ya kuziponya.

Tena plastiki zenyewe si za aina moja. Zipo za jamii ya akriliki, kama Kanekalon, iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya Kaneka ya Japani mwaka 1957. Zipo za plastiki ileile ya mabomba ya maji. Zipo za plastiki ya magunia ya sandarusi, na zipo za plastiki ya chupa za maji ya kunywa. Hizo za mwisho ndizo zinazovumilia joto zaidi kuliko nyingine.

Wazee wetu wa kamati mmewahi kumwona fundi bomba akikunja bomba la plastiki. Hulipasha mpaka lilegee, hulipinda, kisha hulishikilia hadi lipoe. Akiliachia lingali moto, linarudi lilivyokuwa. Akilipasha kupita kiasi, linababuka. Kukunja rasta ni kazi hiyohiyo. Joto hulegeza, baridi hushikisha. Mabinti wengi wanajua nusu ya kwanza tu. Mawimbi yakikataa, wanaongeza moto, kumbe kilichokosekana ni kusubiri zipoe.

Kuhusu pasi za nywele

Hapa tunaomba tuseme wazi mbele ya waliotununulia. Pasi ya kukunjia nywele hufika nyuzijoto 180, 200 na zaidi. Imetengenezwa kwa nywele za asili. Rasta za plastiki ya sandarusi huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi, na za akriliki au za plastiki ya bomba hulegea hata kabla ya nyuzijoto 100. Ukizigusa kwa pasi hiyo husinyaa, hugandana na kunata kwenye chuma. Tumeharibu pakiti kadhaa kwa njia hii, na mara moja binti alilazimika kumlipa mteja kutoka mfukoni mwake.

Pasi zile tunazitumia kwa nywele za asili. Kwa nywele za bandia tunazitumia pale tu pakiti inapoeleza kwamba zinavumilia joto na kutaja kiwango chake, tena kwa pasi yenye kirekebisha joto, tukianzia chini ya kiwango hicho. Pakiti isiposema, hatuweki pasi.

Namna tunavyofanya sasa

Kwa rasta za kawaida tunatumia maji, kwa hatua hizi:

1. Kujaribu kwanza. Tunakata kishungi kidogo kutoka pakiti ileile, tunakizungushia rola na kukichovya. Kikisinyaa au kikipoteza mng'ao, tunajua kabla ya kugusa kichwa cha mtu.

2. Kupima maji. Neno "yamechemka" halitoshi. Maji yanayochemka Tanga, usawa wa bahari, yana nyuzijoto 100. Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi. Kwa hiyo tunatumia kipimajoto, na kwa rasta zilizo kichwani tunatumia nyuzijoto 80 hadi 85. Kishungi cha majaribio kisiposhika, tunaongeza muda kwanza, si joto. Zikiwa rasta zinazotaka maji ya moto zaidi ya hapo, tunazikunja zikiwa bado hazijasukwa.

3. Kumkalisha mteja. Anakaa wima, mgongo kwenye kiti, taulo nene begani na nailoni juu ya taulo. Misuko yote inaning'inia nyuma ya kiti. Watoto hawapiti karibu.

4. Kuchovya, si kumwagia. Hili ndilo badiliko letu kubwa. Maji yanawekwa kwenye chombo kirefu chenye kitako kipana, juu ya kigoda imara, chini kabisa ya usawa wa mabega. Ncha zenye rola zinashushwa ndani ya maji, mafungu machache kwa wakati, kwa sekunde 10 hadi 15. Birika halipiti juu ya mwili wa mtu kwa sababu yoyote.

5. Kukamua kwa taulo. Ncha zikitoka majini hupokelewa na taulo kavu na kubanwa, si kusuguliwa. Maji yakibaki, misuko huwa mizito na kuvuta nywele za asili kwenye mizizi, na yanaweza pia kumchuruzikia mteja.

6. Kupoza. Tunachovya ncha kwenye maji ya baridi, kisha tunaacha rola mahali pake hadi rasta zipoe kabisa, hata ndani ya rola. Mteja anakunywa chai, anazungumza. Hapa ndipo mawimbi yanaposhika.

7. Kufungua. Rola inazungushwa taratibu kutoka chini, haivutwi. Mawimbi yanatenganishwa kwa vidole. Kitana chenye meno ya karibu au brashi huzitimua rasta na kuzifanya zionekane kuukuu siku ya kwanza.

Mteja mwenye rasta fupi zinazoishia shingoni hatumchovyi. Ngozi iko karibu mno. Huyo tunamkunjia rasta kabla ya kumsuka: tunazifunga kwenye rola zikiwa mezani, tunazichovya, zinapoa, ndipo tunazisuka na kuacha ncha zenye mawimbi. Wigi nalo hukunjwa likiwa kwenye kichwa cha mfano, kamwe si kichwani mwa mtu. Watoto hatuwakunjii kwa maji ya moto kabisa. Mzazi akisisitiza, tunamsihi anunue rasta zilizokunjwa kiwandani.

Mtatuuliza: je, nyuzijoto 80 si salama? Hapana. Ni salama kwa rasta nyingi, si kwa ngozi. Maji ya nyuzijoto 60 tu huweza kuunguza vibaya kwa sekunde chache, na ya 80 huunguza papo hapo. Ndiyo maana kipimajoto peke yake hakitoshi. Mkao wa mteja na mahali pa chombo ndivyo vinavyomlinda.

Kiberiti na mshumaa

Wasusi wengi huziba ncha za rasta kwa kuzichoma kwa kiberiti au mshumaa. Sisi tumeacha. Baadhi ya rasta hushika moto na kudondosha matone ya plastiki yanayonata kwenye ngozi. Nyingine hazishiki moto kwa urahisi, lakini moshi wake una sumu, na msusi anaushusha kifuani mwake kila siku ya kazi. Nywele zilizopakwa mafuta au kupuliziwa dawa ya kung'arisha ndizo hatari zaidi karibu na mwali. Maji yaleyale ya moto hutuliza ncha, na fundo dogo huzuia msuko usifumuke.

Mtu akiungua

Hata kwa uangalifu, ajali hutokea. Kila binti anayehitimu anajua kusema haya bila kusoma:

Weka sehemu iliyoungua chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20. Si barafu. Vua nguo na mapambo yaliyo karibu, isipokuwa kilichoganda kwenye ngozi. Plastiki iliyoganda usiibandue, ipoze tu. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala unga. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichonata. Akiwa ni mtoto, au jeraha likiwa usoni, mkononi au likiwa pana, apelekwe hospitali bila kungoja.

Tunachowaomba

Ndugu zetu, katika mpango wa mwaka unaokuja tulikuwa tumeandika ombi la pasi nyingine za umeme. Tunaliondoa. Badala yake tunaomba vitu vinavyopendeza kidogo kwenye picha: vipimajoto, vyombo virefu vya kuchovyea, taulo nene, saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, na simtanki yenye koki karibu na mlango. Koki hiyo ni ya lazima. Siku ile mama aliungua, bomba lilikuwa ng'ambo ya uwanja, na tulipoteza muda tukimkimbiza huko.

Kwa kamati za parokia tuna ombi lisilohitaji fedha. Mnapotembelea darasa, msiulize tu ni mabinti wangapi wamehitimu. Ombeni mmoja awaonyeshe namna anavyokunja ncha za rasta. Tazameni chombo kimewekwa wapi. Tazameni kama anampa mteja muda wa kupoa, au anafungua rola haraka ili apokee mwingine. Hapo mtajua kama tumefundisha.

Tunasema hivi kwa sababu kipato cha mabinti hawa kinasimama juu ya imani ya mteja. Msusi akiharibu rasta, mteja anapoteza pakiti. Akimuunguza, anapoteza mteja, jirani za mteja, na mara nyingi anapoteza pia ujasiri wake mwenyewe. Mtaji wa kununulia rasta tunaweza kuutafuta tena. Ujasiri ni mgumu kuurudisha.

Yule binti alirudi. Tulianza naye upya, kwa kishungi kimoja mezani na maji ya uvuguvugu, siku baada ya siku, mpaka mkono ulipoacha kutetemeka. Leo ndiye anayewafundisha wapya hatua ya 4, na hakuna anayeifundisha vizuri kumzidi. Na yule mama aliyeungua bega bado anakuja kusuka kwetu. Mara ya mwisho aliketi kwenye kiti cha binti huyohuyo, akakubali kukunjwa ncha, akanywa chai yake hadi rasta zikapoa.