Nani humkagua mkaguzi wa kiwanda?

Hii ni hotuba niliyotoa kwenye klabu yetu ya mdahalo wiki jana. Wengi mliniomba niiweke hapa, kwa hivyo nimeiacha vile nilivyoisema.

Mdahalo wa ajira ukifika kwa viwanda vya nguo, lazima mheshimiwa mmoja aseme: "Kile kiwanda kina cheti cha kimataifa." Watu wanapiga makofi, mjadala unaishia hapo. Leo naomba tuanzie hapo.

Shangazi yangu alikuwa akishona suruali za kupelekwa Marekani, EPZ ya Athi River. Anasema siku ya wakaguzi ilijulikana mapema. Maski zilitolewa stoo, mlango wa dharura ukafunguliwa, supavaiza akawapitishia majibu: ovataimu ni ya hiari, choo mnaenda mkitaka. Jioni maski zikarudi stoo. Nikamuuliza, wewe ulimwambia nini mkaguzi? "Vile niliambiwa. Yeye angeenda zake, mimi ningebaki na supavaiza."

Hiyo ni maski tu. Karachi, Pakistan, ilikuwa moto. Tarehe 11 Septemba 2012, kiwanda cha Ali Enterprises kiliungua na watu zaidi ya 250 wakafa. Madirisha yalikuwa na vyuma, milango ya kutokea imefungwa. Wiki chache tu kabla, kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000 na RINA, kampuni ya ukaguzi ya Italia. Mnunuzi mkubwa alikuwa KiK ya Ujerumani. Waathiriwa waliishtaki KiK huko Dortmund, na 2019 kesi ikatupwa kwa sababu muda wa kushtaki ulikuwa umepita.

Mnaona shida? Mkaguzi hulipwa na kiwanda, ama na mnunuzi. Ripoti mara nyingi inabaki kwa aliyelipa. Mshonaji hayumo kwenye huo mkataba, kwa hivyo akiumia anaanza kuhangaika kutafuta wa kumshtaki. Na mkaguzi akiwa mkali sana, mwaka ujao anaitwa mwingine. Sisemi wote ni waongo, wapo wanaojituma. Lakini ukilipwa na unayemkagua... haya, malizieni wenyewe.

Kuna wanaosema basi tuongeze wakaguzi. Jengo la Rana Plaza, Bangladesh, lilipoporomoka Aprili 2013 na kuua watu 1,134, ndani mlikuwa na viwanda vilivyokuwa vimekaguliwa. Utetezi ulikuwa kwamba ukaguzi wa aina hiyo hauangalii uimara wa jengo! Kilicholeta tofauti ni mkataba wa Accord uliofuata. Makampuni ya nguo yaliusaini pamoja na vyama vya wafanyakazi, ripoti zikawekwa wazi kwa kila mtu, na kampuni ikikiuka ingepelekwa kwenye usuluhishi.

Hapa kwetu Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inampa afisa wa serikali nguvu ya kuingia kiwandani na kukagua. Yeye halipwi na mwenye kiwanda. Kwa hivyo mheshimiwa akitaja cheti tena, muulizeni: nani alilipia huo ukaguzi, na ripoti iko wapi? Kisha aseme ataajiri maafisa wangapi wa serikali, na kwa bajeti gani.

Nimemaliza. Maswali? Nimeona mkono pale nyuma.