Imani ya Baba na Homa ya Mtoto

(Maneno aliyosema mwanachama wetu mmoja, mfanyakazi wa njia ya reli, katika mkutano wa wafanyakazi Lurambi)



Mimi si mhubiri wala si daktari. Kazi yangu ni kukaza nati na kubadili mataruma, na masomo yangu yaliishia shule ya msingi ya misheni. Basi nikikosea neno mnisamehe.

Nilikuja nyumbani likizo, nikamkuta kijana wangu wa miaka mitatu ana homa. Usiku wa kwanza tuliwaita watu wa kanisa, wakaomba mpaka majogoo. Mzee mmoja akasema kwamba tukimpeleka hospitali tutaonyesha hatuamini. Nami nilinyamaza. Usiku wa pili mtoto akashikwa na degedege, macho yakageuka, na viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Mama yake hakuniuliza tena. Alimfunga mgongoni, akapanda pikipiki, akaenda.

Ilikuwa malaria kali, na damu ilikuwa imepungua sana. Alidungwa sindano ya atesuneti, akaongezwa damu. Damu ile ilitolewa na mtu nisiyemjua, wala sikumwuliza mtu dini yake.

Ndugu zangu, sikuja hapa kupinga sala. Asubuhi gengi letu huomba kabla ya kazi. Tukiisha kusema Amina, nyapara huwatuma watu wenye bendera nyekundu, mmoja huku na mmoja kule. Sijasikia mtu akisema kwamba bendera ile ni kukosa imani. Na wamisheni wa Friends waliofika Kaimosi mwaka 1902 hawakujenga kanisa tu, walijenga na shule na hospitali pia. Sasa haya ya kuchagua moja na kutupa jingine tumeyatoa wapi?

Mambo ya Shakahola, kule Kilifi, mnayajua. Mwaka 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, nyingi za watoto. Mhubiri wao alikuwa amewafundisha kwanza kuacha shule na hospitali, ndipo wakafika kwenye kufunga mpaka kufa. Nilipoyasikia nilisema wale ni wajinga. Kumbe nami nilikuwa nimekaa usiku mzima na mtoto anayewaka moto.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dini. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya matibabu, na kinasema faida ya mtoto itangulie. Mimi nikikataa dawa kwa mwili wangu, hilo ni langu. Lakini yule wa miaka mitatu hakukataa kitu.

Liko na jambo jingine ambalo hatupendi kulitaja. Mara nyingine si imani, ni mfuko. Mtu hana nauli, hana fedha ya dawa, basi anaona afadhali kusema anamngoja Bwana. Sicheki mtu, maana nami nilikuwa na shilingi chache usiku ule. Lakini tangu Oktoba 2024 tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya serikali, na wengi wetu hatujaandikisha mke na watoto. Fedha imekwisha kukatwa! Katibu anayo namna ya kujiandikisha, mwoneni leo kabla hamjaondoka. Na walio na watoto wachanga, waulizeni wauguzi habari za chanjo ya malaria, ambayo ilianza kutolewa upande wetu huu mwaka 2019.

Yule mzee wa kanisa alikuja hospitali siku ya tatu, akaleta uji kwenye chupa. Hatukugombana. Tuliomba pamoja kando ya kitanda, na muuguzi akasimama kungoja tumalize, halafu akamdunga mtoto sindano yake ya mchana.