Mionzi: Ni Adui au Ni Dawa?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Getanuwas, Wilaya ya Hanang)

Leo tuna mada inayotisha wengi: mionzi. Utasikia mtu akisema, "Mgonjwa wa kansa akipigwa mionzi usile naye sahani moja, itakuingia na wewe." Je, ni kweli? Hapana. Lakini usikubali kwa sababu tu nimesema mimi. Twende hatua kwa hatua, uone mionzi inafanya nini mwilini. Kemia unayosoma darasani inatosha.

Kung'oa elektroni

Unakumbuka kwamba atomu ina kiini chenye chaji chanya, na elektroni zinakizunguka. Ikipoteza elektroni inakuwa ioni. Sasa chukua heliamu, ivue elektroni zake zote mbili, kisha irushe kwa kasi. Hiyo ndiyo chembe ya alfa. Ile inayotoka kwenye gesi ya radoni hukimbia kama kilomita 16,000 kwa sekunde! Ikipita karibu na molekuli, chaji yake huzivuta elektroni na kuzing'oa. Hewani, safari ya chembe moja huacha elektroni zaidi ya 150,000 zimeng'oka, tena katika umbali wa kama sentimita 4 tu.

Ndani ya seli kuna DNA, molekuli inayobeba urithi wako. Ifikirie kama kamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa. Uzi mmoja ukikatika, seli huutengeneza kwa kuangalia ule mwingine. Nyuzi zote mbili zikikatika mahali pamoja, kazi inakuwa ngumu. Seli inaweza kufa, au ikapona vibaya na baada ya miaka ikawa mwanzo wa kansa.

Inahesabiwaje?

Hakuna anayeziona elektroni hizo zikitoka. Kwa hiyo wataalamu hutumia hesabu. Mwaka 1930 Hans Bethe alionyesha jinsi ioni yenye kasi kubwa inavyopoteza nguvu njiani. Kwa kasi ileile, zidisha chaji kwa chaji: protoni (1) hupata 1, alfa (2) hupata 4, kaboni iliyovuliwa elektroni zote (6) hupata 36. Yaani kaboni hung'oa takribani mara 36 ya protoni.

Na mwendo je? Mbwa akikatiza kundi la mbuzi kwa mbio, hushtua wachache. Akipunguza mwendo, kila mbuzi anapata muda wa kushtuka. Ioni nayo hivyohivyo: inapokaribia kusimama ndipo inapong'oa zaidi. Hapo ile hesabu nyepesi huanza kukosea, na kompyuta inahitajika.

Mwaka 2020 wanafizikia wa Buenos Aires, Argentina, walichapisha njia rahisi ya kukadiria. Adenini, mojawapo ya herufi za DNA, ina kaboni 5, haidrojeni 5 na naitrojeni 5. Wao hukokotoa kwanza kwa atomu mojamoja, kisha hujumlisha: kaboni mara 5, haidrojeni mara 5, naitrojeni mara 5. Basi! Kujumlisha huko hata wewe unakuweza.

Hapa kwetu Manyara

Mwamba wa fosfeti wa Minjingu una uraniamu na radiamu nyingi kuliko udongo wa kawaida. Vipimo vyake vilichapishwa mwaka 2000. Radiamu hutoa radoni. Usikimbie: alfa huzuiwa na ngozi, hata na karatasi. Hatari ni kuivuta ndani, maana mapafu hayana ngozi ngumu ya kuizuia. Anayefanya kazi kwenye vumbi la mgodi avae barakoa, vumbi limwagiwe maji, na nyumba ipitishe hewa. Na wewe unayejaribu sigara kichakani? Tangu 1964 inajulikana kwamba moshi wa tumbaku una poloniamu, nayo hutoa alfa. Unajipelekea mwenyewe mapafuni, juu ya sumu nyingine zote za moshi huo.

Adui akigeuzwa dawa

Kung'oa huko huko huua seli za kansa. Huko Chiba, Japani, wagonjwa wametibiwa kwa ioni za kaboni tangu 1994, kwa sababu huachia nguvu nyingi mwishoni mwa safari, ndani ya uvimbe. Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, hutumia mionzi ya aina nyingine, inayopenya mwili na kung'oa elektroni vilevile. Daktari hupima kiasi na mahali.

Turudi kwenye ile sahani. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Elektroni zilizong'oka hutulia mara moja. Aliyetibiwa kwa mashine ya nje habaki na mionzi ya kumpa mtu. Kwa hiyo kula naye, lala naye chumba kimoja, mkumbatie. Na shangazi au mama mwenye uvimbe, au anayetokwa damu isiyo ya kawaida, mwambie aende hospitali mapema. Hofu ya mionzi isimchelewesshe. Kansa haimsubiri mtu.

Jadilini klabuni

1. Sitosini ina kaboni 4, haidrojeni 5, naitrojeni 3 na oksijeni 1. Andikeni jumla yake kama tulivyofanya kwa adenini.
2. Ioni ya oksijeni yenye chaji 8 hung'oa mara ngapi ya protoni, kwa kasi ileile?
3. Nani kijijini anaogopa mionzi, na mtamweleza nini?